KUKOSOA KWA INSAFU: Ngoma ya Kihindi Inapoingiwa na Miondoko ya Kisasa



Mwezi wa Mei uliopita nilialikwa na jirani yangu, hapa Leicester, nihudhurie usiku mkubwa wa binti yake. Jirani huyu ni Mhindu wa Kigujarati, mzaliwa wa Kampala, na nyumba zetu zimegawana ukuta mmoja kwa muda wa miaka 14. Kiswahili chake ni cha Kampala na changu ni cha Unguja, lakini tunasikilizana vyema, na sahani za Idi na za Diwali zimekwisha kupita baina ya milango yetu mara zisizo na hesabu. Mimi humwita Ben, yaani dada kwa Kigujarati. Na binti yake huniita Masi, jina ambalo kwao hupewa dada wa mama. Kwa hivyo usiku ule sikwenda kama mgeni wa kujaza kiti, bali kama mtu wa nyumbani.

Usiku huo kwao huitwa arangetramu. Ni siku ambayo mwanafunzi wa ngoma ya Bharatanatyamu, baada ya kufunzwa kwa miaka mingi, hupanda jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu wake, wazee na jamaa, akacheza kwa muda wa saa mbili au zaidi. Binti huyu alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka 7. Usiku ule alikuwa na miaka 18.

Alicheza vizuri, na uzuri huo hata mimi nisiyejua niliuona. Lakini yalitokea mambo mawili ambayo ukumbi haukuyatarajia. La kwanza, baada ya mchezo mrefu wa katikati, alileta mchezo alioutunga mwenyewe juu ya bibi yake mzaa mama, aliyekuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 za kuondoka. Mikono yake, ambayo kwa saa nzima ilikuwa ikizungumza kwa ishara za vidole, ghafla ilinyamaza. Akashika sanduku lisiloonekana, akatembea mwendo wa kawaida kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, bila pambo lolote, kama mtu anayepita katika kiwanja cha ndege asichokijua.

La pili lilikuja mwishoni, katika tilana, ambao ni mchezo wa kufungia, wenye miguu ya kasi na furaha. Hapo aliuacha mkao wa ngoma, akajibwaga sakafuni, akajiviringisha juu ya bega, kisha akainuka akikatakata kifua na mabega kama wafanyavyo vijana wachezao dansi za mitaani.

Ukumbi ukagawanyika. Wazee wa mstari wa mbele walitazamana. Rafiki zake wa shule walipiga vifijo. Baadaye, tulipokuwa tukila kachori na kunywa chai, nilimsikia mzee mmoja akisema, "Ameiua ngoma ya mababu." Kijana mmoja akasema, "Leo ndipo alipoitia uhai." Kila mmoja alikuwa na hukumu moja kwa usiku mzima.

Binti akaja mpaka nilipo, njuga zikiwa bado miguuni. Akaniuliza, "Masi, wewe hujasema kitu. Umeonaje?" Nikamjibu, "Nzuri sana, mwanangu, mashaallah." Uso ukamsawijika. Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake.

Siku ya tatu mama yake aliniambia kwamba njuga amezifungia sandukuni na kwamba anaapa hatozivaa tena. "Dada," akaniambia, "wanaomlaumu hawakumwambia kosa ni lipi, na wanaomsifu hawakumwambia zuri ni lipi. Hata wewe."

Neno hilo la mwisho lilinichoma, kwani lilikuwa kweli. Nilidhani nimemfanyia wema, kumbe nilikuwa nimekwepa kazi. Basi nikaomba ruhusa kwa mwalimu wake, nikakaa pembeni mwa darasa lake Jumamosi mbili, nikauliza na nikasoma. Haya niandikayo ndiyo niliyoyapata.

Kabla ya kuendelea, ningependa kusema jambo moja. Najua kwamba miongoni mwetu ziko nyumba ambazo ngoma hazivuki kizingiti, na wenyewe wana hoja zao. Sikukusudia kutoa fatwa, wala kumwita mtoto wa mtu jukwaani. Ninalolizungumza ni insafu, na insafu tumeamrishwa kwa kila mtu, awe wetu au asiwe wetu.

NGOMA YENYEWE

Bharatanatyamu ni ngoma ya Kusini mwa India, katika nchi ya Watamil. Mchezaji hukunja magoti na kuyafungua pande mbili, nusu amechutama na nusu amesimama, na mgongo huwa wima. Mkao huo ndio nyumba ya ngoma nzima. Hutoka humo na hurejea humo. Miguu hupiga sakafu kwa wayo wote, kwa kisigino na kwa ncha, na njuga hulifanya kila pigo lisikike. Mwalimu huketi kando akigonga matuazi madogo na kuyatamka mapigo kwa mdomo, huku ngoma ya mridangamu, fidla na mwimbaji wakimfuata.

Mikono ina kazi mbili. Mara hupamba mwendo tu bila ya kubeba maana, na mara husimulia. Kitabu cha kale kiitwacho Abhinaya Darpana huhesabu ishara 28 za mkono mmoja peke yake, mbali na zile za mikono miwili. Ishara moja huweza kuwa na maana nyingi, na huwa ni macho, uso na maneno ya wimbo yanayomwambia mtazamaji ni ipi iliyokusudiwa. Kwa hivyo asiyeijua lugha hii aweza kukaa saa mbili akidhani anatazama mapambo, kumbe anasomewa barua.

Mwalimu alinieleza kwamba mchezaji akikosea ishara huenda asigundulike na wengi, lakini akikosea mapigo hana pa kujificha, kwa sababu njuga zake mwenyewe zitamshitaki.

ASILI NI IPI?

Yule mzee aliyesema "ngoma ya mababu" alinifanya nijiulize: mababu wepi?

Utaratibu wa michezo alioufuata binti wa jirani yangu, kuanzia ule wa kufungulia hadi tilana, haukushuka kutoka zama zisizojulikana. Mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwapo ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliotumikia jumba la mfalme Serfoji wa Pili. Hao ndio waliopanga mafunzo na mfuatano wa michezo kama unavyojulikana hadi leo. Vadivelu alisifika pia kwa kupiga fidla, chombo kilichotoka Ulaya. Leo fidla huketi karibu na mchezaji, wala hakuna anayeiita mgeni. Na katika mchezo mmojawapo, uitwao shabdamu, wa kuwatukuza wafalme na miungu, limo neno la heshima ambalo msomaji wa ukurasa huu atalitambua bila mkalimani: salamu. Neno hilo liliingia pamoja na adabu za majumba ya wafalme, likakaa.

Zamani ngoma hii ikiitwa Sadiri, na wachezaji wake walikuwa wanawake wa koo maalumu waliowekwa wakfu katika mahekalu. Mwishoni mwa karne ya 19 palizuka kampeni ya kuipiga vita, kwa madai kwamba wanawake hao walikuwa wakitumiwa vibaya, na mwaka 1947 serikali ya Madras ilipitisha sheria ya kukataza wasichana kuwekwa wakfu namna hiyo. Baina ya mambo hayo mawili, katika miaka ya 1930, walitokea watu waliotaka kuiokoa ngoma na kuipa heshima mpya. Mmoja alikuwa wakili E. Krishna Iyer. Mwingine alikuwa Rukmini Devi Arundale (1904–1986), mwanamke wa Kibrahmani, ambaye mwaka 1935 alicheza mbele ya watu huko Adyar, jambo lililowashangaza wengi wa tabaka lake, na mwaka 1936 akaanzisha chuo cha Kalakshetra. Ndipo jina la Bharatanatyamu liliposhika mahali pa lile la zamani.

Rukmini Devi alibuni mavazi mapya, akapamba jukwaa, na akapunguza yale mambo ya mahaba aliyoyaona hayafai. Lakini alikuwapo mwenzake, T. Balasaraswati (1918–1984), aliyezaliwa katika mojawapo ya zile koo za wachezaji, ambaye hakukubaliana naye. Kwa Balasaraswati, mahaba yale hayakuwa uchafu wa kusafishwa. Yalikuwa ndiyo njia ya ibada yenyewe, na kuyaondoa ni kuing'oa ngoma moyo wake. Wote wawili waliitakia ngoma mema. Wote wawili walisema wanaihifadhi asili.

Tazama basi lilipotufikisha jambo hili. Ngoma ambayo yule mzee wa Leicester aliiita ya mababu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni matengenezo ya miaka ya 1930, ambayo nayo wakati wake yalilaumiwa kuwa ni upotofu. Anayesema "hili halikuwapo" inampasa aseme halikuwapo lini.

Hata hivyo, hoja hii ni kisu chenye makali pande mbili. Kuna vijana wanaosema: kwa kuwa ngoma imebadilika siku zote, basi asinikosoe mtu. La hasha. Wale ndugu wanne walibadilisha baada ya kuijua ngoma kwa mizizi yake, na Rukmini Devi alikaa chini ya mwalimu mkubwa wa zamani kabla ya kupanda jukwaani. Tena si kila badiliko lilikuwa neema kwa kila mtu: ngoma ilipoingia katika nyumba za wenye hadhi, wengi wa wanawake wa zile koo za kale walipoteza riziki na heshima ya ujuzi wao. Kwa hivyo kusema kwamba kitu kimebadilika si kusema kwamba kimebadilika vizuri. Hapo ndipo mkosoaji anapohitajika.

KATHAKI, NA SUALA LA JINA

Kaskazini mwa India iko ngoma nyingine, Kathaki. Hii haichezwi kwa magoti yaliyokunjwa. Mchezaji husimama wima, hupiga miguu kwa ufundi mkubwa, na huzunguka kama pia. Ililelewa katika majumba ya Kiislamu na ya Kihindu pia. Wajid Ali Shah, nawabu wa mwisho wa Awadh, ambaye Waingereza walimwondoa katika ufalme wake mwaka 1856, aliipenda na kuifadhili sana huko Lucknow. Anayedhani kwamba ngoma za Kihindi na Waislamu hawajawahi kukutana hana budi aisome tarehe hiyo.

Katika Kathaki ugomvi wa jadi na usasa umekuwa mkali vilevile. Kumudini Lakhia (1930–2025), aliyefundisha Ahmedabad, aliichukua ngoma iliyozoeleka kuwa ya mtu mmoja akaifanya ya kundi. Akaacha hadithi za miungu katika baadhi ya michezo yake na kuacha mwendo usimame peke yake. Alilaumiwa. Leo kucheza Kathaki kwa kundi ni jambo la kawaida, hata kwa wale wanaojiita wahafidhina.

Mwanafunzi wake, Aditi Mangaldas, mwaka 2013 alifanya jambo lililozungumzwa sana. Sangeet Natak Akademi, ambalo ni baraza la taifa la India la muziki, ngoma na maigizo, lilimtunuku tuzo, naye akaikataa. Sababu yake ni kwamba tuzo ilitolewa katika fungu la ngoma za ubunifu na majaribio, na yeye aliona kazi yake imeota katika Kathaki. Watu wengine wangefurahi na kupokea. Yeye aliona kwamba kubandikwa jina lisilo lake ni hukumu iliyotolewa bila ya kesi kusikilizwa.

Kwa upande wa pili yuko Akram Khan, aliyezaliwa London mwaka 1974 kwa wazazi waliotoka Bangladesh, akafunzwa Kathaki na Pratap Pawar tangu utotoni. Huyu ameonyesha Kathaki tupu, na ameonyesha pia michezo aliyoitunga kwa kuichanganya Kathaki na dansi ya kisasa ya Ulaya. Mwaka 2012 alicheza na kundi lake katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London. Na huko Kusini, Chandralekha (1928–2006) mwaka 1985 alitoa mchezo wa Angika, ambao ndani yake aliiweka Bharatanatyamu pamoja na yoga na mchezo wa vita wa Kerala uitwao kalaripayattu. Aliyekwenda kuutazama hakuahidiwa utaratibu wa ndugu wanne wa Thanjavur.

Funzo ni kwamba jina ni ahadi. Mchezaji akiandika katika karatasi ya mwaliko kwamba huu ni mchezo wa jadi, kisha akaleta kingine, mtazamaji ana haki ya kulalamika. Na mkosoaji akiitwa kutazama kitu kipya, kisha akakipima kwa ratili ya cha zamani, mchezaji naye ana haki ya kulalamika.

MIZANI YA MKOSOAJI

India yenyewe imepata wakosoaji wa kila sampuli. Subbudu (1917–2007) aliogopwa na wanamuziki na wachezaji kwa ukali wa kalamu yake. Sunil Kothari (1933–2020), aliyeandika vitabu vingi juu ya ngoma za jadi, alikuwa mwepesi wa kuwafuata na kuwaeleza watungaji wapya, na mwaka 2003 alitoa kitabu kizima juu ya mielekeo yao. Ukali peke yake si kosa, na upole peke yake si sifa. Linalotakiwa ni kwamba aliyekosolewa, akisha kusikia, ajue la kufanya kesho asubuhi. Kwa kuyaunganisha niliyoyasoma na niliyoyasikia darasani, nimepata mambo matano.

Kwanza, jua unachokitazama. Asiyejua mkao wa magoti hawezi kujua umeachwa lini, na asiyejua umeachwa lini hawezi kuuliza umeachwa kwa nini. Ikiwa hujui, sema hujui, kisha eleza ulichokiona kwa macho yako. Ushahidi wa mtu asiyejua huwa na faida akiutoa kwa unyofu. Hukumu yake haina.

Pili, uliza alikusudia nini. Je, alitaka kuicheza jadi kama alivyopokea, au kuipanua, au kuiacha? Mtu aliyekusudia kwenda Mombasa halaumiwi kwa kutofika Kisumu.

Tatu, pima kazi ya ule mwondoko mpya. Uondoe katika fikra yako, kisha uutazame mchezo bila ya huo. Ikiwa kuna kilichopungua katika maana, basi mwondoko ulikuwa na kazi. Ikiwa hakuna kilichopungua ila vifijo, basi ulikuwa ni wa kupigiwa makofi tu.

Nne, pima ufundi wake pande zote mbili. Wachezaji wa dansi ya kisasa hujifunza kuanguka kwa miaka. Kuanguka kwao ni elimu. Mwenye kuazima kitu cha watu na akiazime kizima. Haitoshi kusema kwamba kwa kuwa ni kipya hakina sheria.

Tano, tenga "sikupenda" na "si sahihi". La kwanza ni habari za moyo wako, nalo lina haki ya kusemwa, lakini kwa jina lake. La pili linahitaji ushahidi: mahali gani, wakati gani, na kwa sababu gani.

Ziko pia adabu za kusema. Sifa zitolewe mbele za watu na kasoro zisemwe faraghani, hasa kwa kijana. Na sifa zisiwe za jumla. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi naongeza kwamba mtoto akisifiwa pasipo kuelezwa hujua kwamba hakutazamwa.

NILIVYOREJEA

Wiki mbili baada ya usiku ule nilibisha hodi kwa jirani. Binti alikuwako, na bibi yake pia, amekaa karibu na dirisha na shali yake. Nikamwambia binti kwamba siku ile nilimjibu jibu la mvivu, na kwamba nimekuja kulipa deni ikiwa atakubali kulipokea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sema, Masi."

Nikamwambia hivi. Katika mchezo wa bibi, mikono ilipoacha ishara na ukatembea mwendo mtupu, nilielewa bila ya kuelezwa kwamba huyu ni mtu aliyefika mahali ambapo lugha yake haifai kitu. Kwa saa nzima ulikuwa umetufunza kukutazama mikono. Kwa hivyo iliponyamaza, ukimya wake tuliusikia. Mwondoko huo si wa jadi, lakini bila ya jadi iliyoutangulia usingekuwa na maana yoyote. Waliokulaumu kwa huo hawakukutendea haki.

Kisha nikamwambia la pili. Katika tilana, ulipojibwaga sakafuni, mridangamu uliendelea na njuga zako zilinyamaza. Ulipoinuka ulirudi nyuma ya pigo, na mwalimu wako alilazimika kuyavuta matuazi ili akungojee. Lile la mabega lilipendeza macho, lakini nilipoliondoa katika fikra yangu sikuona kilichopungua. Tena karatasi ya mwaliko ilisema ni tilana ya jadi. Ulitunga mwenyewe katika wiki ya mwisho, na mwalimu wako hakujua. Waliokusifu kwa hilo nao hawakukutendea haki.

Nilitarajia machozi au hasira. Badala yake akaniuliza, "Nilichelewa kwa kiasi gani?" Nikamwambia sikujua kupima, amuulize mwalimu wake. Akasema, "Kuanguka kule ndiko nilikokupenda kuliko vyote." Nikamwambia hilo pia ni kweli, na hakuna anayeweza kumwondolea.

Hapo bibi, ambaye nilidhani hatusikilizi, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kampala, "Mimi ile ya sanduku nimeona. Iko namna ile ile. Tulifika hapa, baridi, hakuna neno." Akarudi kutazama nje. Mwaka ule wa 1972 zaidi ya watu 27,000 kama yeye walikuja Uingereza kutoka Uganda, na baraza la mji huu wa Leicester lilikuwa limetangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Mjukuu wake hakuwahi kumsikia akisema lolote juu ya safari ile. Kwa hivyo mchezo ule ulikuwa umeuliza swali, na jibu lilikaa wiki mbili likisubiri mtu azungumze juu ya ngoma kwa makini kidogo.

Njuga zimetoka sandukuni. Sitosema kwamba ni kwa ajili yangu. Mwalimu wake alikuja baadaye akamwambia mengi zaidi na kwa ujuzi zaidi. Nasikia sasa anajifunza kuanguka kwa mwalimu wa dansi ya kisasa siku za Alhamisi, na mwalimu wake wa zamani amekubali, kwa sharti kwamba asikie mapigo hata akiwa sakafuni.

NA SISI JE?

Nimeyaandika haya katika kijarida chetu kwa sababu maradhi haya ni yetu pia. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, palizuka ugomvi mrefu baina ya washairi wetu. Wako waliosema hayo si mashairi, na wako waliosema vina ni minyororo. Wengi wa pande zote mbili walitoa hukumu kwa lundo zima badala ya kulisoma shairi moja moja. Na sisi watu wa pwani, tunaojivunia taarabu ya Mombasa, tunasahau mara ngapi imepokea tabla, na namna marehemu Juma Bhalo alivyopendwa kwa kuimba Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Lililoingia na kukaa twaliita letu. Linalobisha hodi leo twaliita uharibifu.

Watoto wetu hapa ugenini wanaleta mambo mapya kila siku: kasida kwa mahadhi tusiyoyazoea, utenzi unaosomwa kwa mwendo wa vijana wa hapa, lugha iliyochanganywa. Baadhi ni mema, baadhi ni ovyo, na mengine bado hayajaiva. Hawatujii kutaka makofi tu, kama nilivyodhani mimi. Wanatujia wakiuliza, "Umeonaje?" Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee wetu, na tuzo ya kwanza ni kutazamwa sawasawa.

Basi siku mwanao au wa jirani yako atakapokuuliza swali hilo, usimwambie "nzuri sana" ukaendelea na chai yako. Mwambie pale palipokugusa, na kwa nini. Mwambie pale palipopotea, na kwa nini. Na ikiwa hujui, mwambie akupe wiki mbili.

Wabillahi tawfiq.